Koyta Sitini na Moja

Jumatatu ya kwanza ya Juni, saa mbili asubuhi, gari jeupe la serikali lilisimama ng'ambo ya mto wetu na halikuvuka. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku. Maji yalifika magotini tu, lakini chini yake kulikuwa na tope. Dereva alishuka, akachovya fimbo, akarudi garini. Kisha trekta la Babruvan Ghuge liliteremka ukingoni upande wa kijiji chetu, Karvandara, likavuka, likampakia abiria wa gari lile na kurudi naye. Hivyo ndivyo mhandisi wa barabara alivyoingia kijijini: amesimama nyuma ya Babruvan, mnyapara wetu, amemshika bega asianguke.

Shevanta Sanap aliyaona hayo kutoka kwenye pampu ya mkono. Alijaza ndoo yake, akaifunika, akaenda kumwita binti yake.

Barabara ya lami inaishia njia panda ya Mahalsa, kilomita sita kutoka mtoni. Hapo hupita basi jekundu la serikali liendalo Dharkhed, ambako kuna shule ya sekondari. Shule ya kijiji huishia darasa la nane. Wavulana wanaomaliza hupelekwa kukaa kwa ndugu zao mjini. Wasichana hubaki. Anjira, binti wa Shevanta, alikuwa na miaka kumi na minne na alikuwa amemaliza darasa la nane mwezi wa Aprili, wa kwanza kati ya wanafunzi tisa. Baba yake, Limbaji, alisema neno lake mbele ya mwalimu mkuu: "Basi likifika hapa kijijini, atapanda, atasoma. Lisipofika, hatembei porini kilomita sita peke yake. Nimemaliza." Hakuna aliyebishana naye, kwa sababu wakati huo kila mtu aliamini barabara inakuja.

Wazazi wenyewe wasingeweza kumsindikiza. Kila mwaka baada ya sikukuu ya Dasara, mwezi wa Oktoba, Limbaji na Shevanta huondoka na nusu ya kijiji kwenda kukata muwa, na hawarudi mpaka joto la Aprili. Anjira huachwa na bibi yake, Kondabai, ambaye jicho moja halioni na la pili linaona akitaka.

Kazi ya muwa ina hesabu yake. Koyta ni panga fupi lililopinda ncha. Ni pia jina la wanaoajiriwa kulishika: mume anakata, mke anafunga mafungu na kuyapandisha kwenye lori kwa kichwa. Mnyapara hasajili watu, anasajili koyta. Kijana asiye na mke hana koyta, na asiye na koyta hana kazi. Kwa hiyo kwetu harusi nyingi hufungwa haraka kabla malori hayajaondoka. Mnyapara wa Karvandara ni Babruvan, mwenye trekta pekee linaloweza kuvuka mto mvua zinaponyesha. Mgonjwa, mbolea, maharusi, wote hupita juu ya trekta hilo kwa bei anayoitaja yeye.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Wanaume walikaa mbele chini, wanawake walisimama nyuma wamefunika vichwa. Mhandisi aliitwa Inamdar. Alikuwa mtu mwembamba, suruali imekunjwa, miguu ina tope. Hakupoteza muda.

"Serikali inajenga barabara kwa vijiji vyenye watu mia tano na kuendelea," alisema. "Nyinyi mko mia nne arobaini na saba."

Kisha mzee mmoja akasema, "Ongeza mbuzi, bwana. Wangu watatu ni wazaliwa wa hapa hapa."

Watu walicheka. Inamdar alingoja wamalize.

"Mmetuhesabu lini?" Sauti ilitoka nyuma, kwa wanawake.

"Nani anauliza?"

"Mimi, mama Anjira. Mmetuhesabu lini?"

"Februari."

"Februari tulikuwa kwenye muwa. Nani alituhesabu?"

Inamdar alieleza. Ofisi ya barabara ilimtuma mwalimu kutoka mjini, akapita nyumba kwa nyumba. Waliokuwapo walikuwa mia tatu themanini na sita. Waliosafiri kukata muwa aliwaulizia kwa mnyapara, kwa kuwa nyumba zao zilifungwa. "Sitini na mmoja," alisema. "Jumla mia nne arobaini na saba."

"Sitini na mmoja nini?"

"Watu, mama."

Kicheko kilianzia kwa wanawake wazee, kikaenda mbele mpaka kwa wanaume. Hakikuwa kicheko cha furaha. "Sitini na moja ni koyta!" mtu alipaza sauti. Ashamati, mke wa Sopan, jirani wa Shevanta, alijipiga kifua. "Kumbe! Miaka kumi na minane nabeba muwa, kumbe mimi ni mpini!"

Inamdar hakuhitaji kufundishwa. Alizaliwa wilaya hii hii, na mjomba wake ana shamba la muwa. Alikuwa ameshaelewa kabla kicheko hakijafika kwake. Mia tatu themanini na sita, ongeza mia moja ishirini na mbili: mia tano na nane. Aligeuka upande wa trekta.

"Bwana Babruvan, mwalimu alikuuliza wewe?"

"Aliniuliza. Nilimpa na chai."

"Ulimwambia watu au koyta?"

"Watu," Babruvan alisema. "Msimu ule wengi walibaki mjini. Mimi si karani, bwana. Nilisema nilichojua."

"Mwongo!" Ashamati alisema.

"Shemeji, heshima mbele ya mgeni."

"Mgeni umemleta wewe na trekta lako. Barabara ikija utabeba nani? Bibi yako?"

Inamdar aliinua mkono. Alisema kanuni kama anayesoma, bila kumwangalia mtu. Idadi ya wasiokuwapo huandikwa kama ilivyotajwa na aliyeitoa. Aliyeitoa akibadilisha kauli mbele ya mkutano wa kijiji, itaandikwa upya. Asipobadilisha, inabaki.

"Lakini sisi tupo," Shevanta alisema. "Tumesimama mbele yako. Tuhesabu sasa hivi, tutakaa kwa mistari."

"Hesabu ni ya Februari, mama. Februari hamkuwapo."

"Kwa hiyo aliyekuwapo ndiye anayejua kama mimi nipo?"

"Kwa kanuni, ndiyo." Alifunga mkoba wake. "Nitarudi tarehe kumi na tano Agosti, siku ya bendera ya Uhuru. Baada ya hapo orodha inafungwa."

Alipokuwa akipanda trekta alimuuliza Babruvan, kwa mazoea tu ya watu wanaosafiri pamoja, msimu ujao anapeleka wangapi.

"Sitini na mbili," Babruvan alijibu.

Shevanta alisikia. Tangu Februari hakuna kijana wa Karvandara aliyeoa, na hakuna familia iliyohamia. Koyta zote sitini na moja zilikuwa zimesimama pale uwanjani. Alizipitia kwa macho, mume na mke, mume na mke. Kisha alimtazama mumewe. Limbaji alikuwa anaangalia gurudumu la trekta kama mtu anayetaka kulinunua.

Mchana ule Kondabai alikuwa jikoni akipiga bhakri, mikate bapa ya mtama, kwa viganja. Limbaji aliketi, sahani mbele yake, karanga zilizotwangwa na pilipili pembeni. Shevanta hakuketi.

"Baba Anjira, koyta ya sitini na mbili ni ya nani?"

"Chumvi iko wapi?"

"Iko mbele yako. Ni ya nani?"

Limbaji alimega bhakri. "Parmeshwar," alisema.

Parmeshwar ni mtoto wa kaka yake Babruvan. Ana miaka ishirini na miwili na anaendesha trekta la baba yake mdogo.

"Na nani?"

Limbaji alichovya bhakri kwenye pilipili.

"Na nani, baba Anjira? Koyta ina watu wawili. Au na wewe unahesabu kama yule mwalimu?"

"Kijana hanywi," alisema. "Hachezi karata. Ukoo wao tunaujua. Unadhani nimeuza mtoto? Sikuchukua hata kikombe cha chai."

"Ana miaka kumi na minne."

"Wewe ulikuja hapa na mingapi?"

"Kumi na mitano."

"Na mama alikuja na mingapi?"

"Kumi na miwili," Kondabai alisema, hakuacha kupiga bhakri.

"Unaona? Na wote mko hai."

Shevanta alimgeukia mkwewe. "Mama, ulipenda?"

"Nani aliniuliza?"

"Nakuuliza mimi, sasa hivi."

Kondabai aliitupa bhakri kwenye chuma cha moto, akaigeuza, akaibonyeza mpaka ikafura. "Sikupenda," alisema. "Nililia mpaka baba mkwe akanifungia na ndama. Ndama naye akalia."

Limbaji aliweka tonge chini. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hakupiga. "Nisikilizeni. Miezi sita hatupo. Namwacha na nani? Na huyu mama asiyeona mlango, nyumba yenyewe haina mlango, ina pazia la gunia. Mnakumbuka yaliyompata binti wa nyumba ya kisimani alipoachwa peke yake. Akiolewa, tunakwenda naye. Yuko shamba lile lile, macho yangu yanamwona."

"Yanamwona akiwa na muwa kichwani."

"Na wewe una muwa kichwani. Umekufa?"

Shevanta alivuta ncha ya sari nyuma. Mumewe alikuwa hajamwona kichwa wazi mchana kwa miaka mingi. Utosini, pale fungu la muwa linapokaa, palikuwa na duara la ngozi tupu, gumu, linang'aa. Nywele hazioti tena hapo.

"Tazama," alisema. "Umetazama? Haya, kula."

Hakula. Anjira alikuwa amesimama kizingitini na ndoo mkononi. Hakuna aliyejua amesimama hapo kwa muda gani.

"Baba," alisema, "Februari mimi nilikuwapo. Mwalimu aliniandika, nikamtajia na jina la bibi. Mimi ni mmoja katika wale mia tatu themanini na sita."

"Sasa?"

"Nikienda na Parmeshwar, mwakani hesabu itasema koyta sitini na mbili, watu sitini na wawili. Yeye ndiye ataandikwa. Mimi nitakuwa nimefutika."

Limbaji alisukuma sahani pembeni. "Nilisema basi likifika, utasoma," alisema. "Neno langu liko pale pale."

"Basi halifiki kwa sababu ya watu hamsini na watatu," Shevanta alisema. "Na hao watu amewameza Babruvan. Trekta linabaki lake, na mtoto anakuwa wake. Wewe unaona nini hapo?"

Limbaji alinawa mikono, akatoka.

Shule ya Dharkhed ilifunguliwa katikati ya Juni. Mvua ilizidi, mto ukajaa. Mara mbili Shevanta alimfuata Babruvan kwenye jukwaa la hekalu la Maruti, akamwomba mbele ya watu aende ofisini kurekebisha. Mara ya kwanza alisema anaumwa mgongo. Mara ya pili alisema, "Mama Anjira, sisi karibu tunakuwa ndugu. Mambo ya ndugu hayapelekwi ofisini," na wanaume waliokuwa wakicheza karata wakacheka.

Baada ya hapo hakumfuata tena. Alianza kuzungumza na wanawake pampuni.

Usajili wa msimu hufanyika Julai, kwenye jukwaa lile lile. Mnyapara huweka kibweta cha wino, na kila koyta huja mume na mke. Mume anabandika dole gumba, mke anabandika lake pembeni. Vidole viwili, koyta moja. Imekuwa hivyo tangu enzi za baba yake Babruvan.

Jumamosi ya usajili, wa kwanza kuitwa alikuwa Sopan. Alipanda jukwaani, akalowesha dole, akabandika. Nyuma yake alikuja mkewe Ashamati, mikono mgongoni.

"Dole, shemeji," Babruvan alisema.

"La nini?"

"La nini tena? La koyta."

"Koyta si ni mtu mmoja?" Ashamati alimwonyesha Sopan kwa kidevu. "Mtu wako huyo. Ameshaweka dole. Mchukue."

Wanawake waliokuwa chini walianza kucheka. Babruvan naye alicheka kidogo, kama mtu anayengoja mzaha uishe. "Haya, tumecheka. Dole."

"Bwana Babruvan, mimi sina elimu. Wewe ndiye uliyesema mbele ya serikali. Sitini na mmoja, watu. Wahesabu: wanaume wako sitini na mmoja, wote hawa hapa, wazima, wana meno. Sisi ni mipini. Mipini inabaki nyumbani."

"Ashamati!" Sopan alisema. "Weka dole, twende."

"Wewe nenda. Umeshaandikwa."

Aliyefuata alifanya vivyo hivyo, na wa tatu. Wa nne, bibi mmoja mnyonge aliyemwogopa mumewe, alibandika huku akilia. Hakuna aliyemtukana. Kufikia adhuhuri, vidole vya kiume vilikuwa arobaini na vya kike sita.

"Nani amewafundisha huu upuuzi?" Babruvan aliuliza. Hakuwa anacheka tena.

"Wewe," Shevanta alisema kutoka chini. "Sema neno moja tu tarehe kumi na tano. Sema ulichomwambia mwalimu. Tutapanda hapo na vidole vyote kumi."

"Nitaleta koyta kutoka vijiji vingine. Mtakufa njaa hapa."

"Walete. Wavushe na trekta."

Jioni ile wanawake wawili walipigwa na waume zao. Mmoja alikuwa Ashamati. Asubuhi alikuja pampuni jicho limevimba, halifunguki. Wenzake walimpisha. Alitua mtungi, akanyoosha mkono wa kulia, akawaonyesha dole gumba. Lilikuwa safi. Alipampu maji yake, akaondoka.

Shevanta hakupigwa. Limbaji alikuwa ameacha kusema naye, isipokuwa ya chumvi na maji. Lakini hakwenda jukwaani kubandika dole, wala Babruvan alipomtumia mtu amuulize siku ya harusi hakutaja siku.

Koyta za vijiji vingine hazikupatikana, kwa sababu kila kijiji kina mnyapara wake na Julai wote wanasajili. Wiki ya kwanza ya Agosti msimamizi wa kiwanda cha sukari alimpigia simu Babruvan akiwa dukani. Waliokuwapo walisikia upande mmoja tu: "Ndiyo, bwana. Sitini na mbili, bwana. Zipo, bwana, zipo, ni wanawake tu wana sikukuu zao." Wakati huo daftari lake lilikuwa na koyta kumi na moja kamili.

Tarehe kumi na tano Agosti watoto walipandisha bendera, wakaimba, wakapewa peremende. Mhandisi Inamdar alivuka tena kwa trekta, akiwa amelowa mpaka kiunoni. Alikaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu.

"Bwana Babruvan. Februari ulimwambia mwalimu nini?"

Babruvan alikuwa amevaa kilemba kipya. "Huenda nilisema koyta," alijibu.

"Siandiki huenda."

"Nilisema koyta."

"Ngapi?"

"Sitini na moja."

"Koyta moja ni watu wangapi?"

"Kila mtu anajua, bwana."

"Mimi naandika ninachosikia."

Babruvan alitazama bendera. "Wawili," alisema.

"Hatujasikia huku!" ilitoka sauti nyuma.

"Wawili!"

"Mume na nani?" Ashamati aliuliza. Jicho lake lilikuwa limepona, imebaki alama ya manjano chini yake.

"Na mke! Mume na mke! Mnataka niimbe?"

"Imba," Kondabai alisema, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Inamdar aliandika. Karvandara, watu mia tano na wanane. Aliwasomea kwa sauti. Kisha aliwaeleza yaliyobaki, kwa sauti ile ile. Kijiji kimeingia kwenye orodha. Ujenzi si mwaka huu. Fedha zikitolewa, kazi itaanza baada ya mvua za mwakani. Na hiyo ni barabara mpaka ukingoni mwa mto. Daraja lina faili lake, katika ofisi nyingine.

"Faili hilo liko wapi?" Shevanta aliuliza.

"Halijafunguliwa."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alitema mate mchangani. Inamdar alisema anasikitika, akapewa chai, akainywa akiwa amesimama.

Babruvan hakupoteza muda. Alileta kibweta cha wino pale pale uwanjani, akakifungua juu ya dawati. "Haya, wakubwa zangu," alisema. "Wawili nimesema. Sasa vidole viwili viwili, kama mlivyoahidi."

Walikuwa wameahidi, wakaja. Ashamati alibandika dole lake kwa nguvu mpaka dawati likatikisika. Walikuja wengi. Limbaji naye alisogea, akalowesha dole gumba, akageuka kumtafuta mkewe. Shevanta alikuwa amesimama mahali pake, Anjira kando yake.

"Njoo," Limbaji alisema. "Amelisema neno. Unataka nini tena?"

"Basi liko wapi?"

"Umesikia. Mwakani."

"Kwa hiyo mwaka huu basi ni mimi. Siwavunjii wenzangu ahadi, niliwaambia mapema pale pampuni: wao watabandika, mimi nabaki. Nitamvusha asubuhi kwenye mawe ya kufulia nguo, nitamfikisha njia panda, jioni nitamfuata. Hata Oktoba, Novemba, mpaka Aprili."

"Na mimi? Koyta yangu?"

"Wewe ni mtu mmoja. Katafute kazi ya mtu mmoja."

Limbaji alisimama na dole lake la buluu hewani. Babruvan aliinamia dawati, akasema kwa upole, "Bwana Limbaji, wanawake waache waseme. Lile jambo letu lipo. Tuseme wiki kabla ya Dasara. Basi si halijafika?"

"Halijafika," Limbaji alisema.

"Haya. Neno lako ni neno."

"Halijafika kwa sababu wewe ulimhesabu mke wangu kuwa mpini." Sauti yake haikupanda. "Ulikaa nyumbani kwangu, ukala bhakri alizopika mama yangu, ukaniambia serikali imetunyima. Ukaniomba mtoto."

"Limbaji, fikiri vizuri. Mwaka mzima utakula nini?"

Limbaji alilifuta dole lake kwenye dhoti, shuka lake la kiunoni. Wino haukutoka wote. "Andika sitini," alisema. "Katika sitini na mbili, toa yangu, toa na ya Parmeshwar."

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na moja alfajiri, Shevanta na Anjira walitoka nyumbani. Limbaji aliwatangulia mpaka mtoni na kamba ya kisimani. Aliifunga kwenye mti upande huu, akavuka na ncha ya pili, akaishika ng'ambo mpaka wote wawili wakapita juu ya mawe ya kufulia nguo. Maji yaliwafika mapajani. Mfuko wa vitabu ulikuwa kichwani kwa Shevanta, umefungwa ndani ya gunia la mbolea. Limbaji alirudi na kamba yake. Walitembea kilomita sita, viatu mkononi.

Basi jekundu lilifika njia panda ya Mahalsa saa moja kasoro dakika kumi. Kondakta alifungua mlango, akatazama sari iliyolowa na msichana aliyevaa sare.

"Wangapi?"

"Mmoja," Shevanta alisema.

"Na wewe, mama?"

"Mimi narudi."

Anjira alipanda. Kondakta aligonga bati mara mbili, basi likaondoka.